Kopo la Asidi Amino na Sahani ya Mbaazi
Mkimbiaji anayeteremka vilima vya Bonga, Babati, huamka kesho yake mapaja yakimuuma: nyuzi za misuli zimechanika kidogo, na mwili umetuma seli za kinga kuzikarabati, jambo linaloleta uvimbe. Wauzaji wa makopo ya unga wa asidi amino za lusini, isolusini na valini huahidi kuuzima uvimbe huo. Majaribio kadhaa yameonyesha maumivu kupungua kidogo. Kuhusu uvimbe wenyewe ushahidi ni dhaifu, na uvimbe huo ndio mwanzo wa kupona, basi kwa nini tuharakishe kuuzima?

Wapo watakaosema kopo linahitajika kwa kuwa ugali hauna protini ya kutosha. Ni kweli kwa mahindi peke yake, kwani yana upungufu wa asidi amino ya lisini. Lakini mbaazi, zao kubwa la Babati, zina lisini tele. Kopo lina asidi amino 3. Ugali kwa mbaazi huleta zote 9 ambazo mwili hauwezi kujitengenezea.