Je, Wajua? Filimbi ya treni ndogo ilipulizwa kupitia reli

Gisenyi, mji wa Rwanda kando ya Ziwa Kivu, hauna reli, na Rwanda nzima haijawahi kuwa na treni ya abiria. Wajerumani walianza kujenga njia kutoka Tabora kuelekea mto Kagera mwaka 1914, vita vikaikatisha. Anayetamani kusikia garimoshi likipumua huko itambidi alijenge mezani.

Treni hizo ndogo za mezani, zile za mtindo wa zamani, hazina kompyuta ndani. Umeme wa hadi takriban volti 12 hupita relini hadi kwenye mota; ukiuongeza, zinakimbia. Sauti nayo ipite wapi? Kampuni ya Lionel ya Marekani ilipata jibu zuri ajabu mwaka 1935. Ndani ya behewa la makaa iliweka feni iliyosukuma hewa kwenye filimbi. Treni zake zilitumia umeme wa mkondo geu (AC), hivyo mwendeshaji alipobonyeza kitufe, umeme kidogo wa mkondo mnyoofu (DC) ulipita kwenye reli zilezile na kuamsha feni.

Siku hizi fundi huweka spika ndogo, na swichi kwenye gurudumu huamuru kila mpumuo. Injini ya mvuke yenye silinda mbili hupumua mara nne gurudumu likizunguka mara moja. Kwetu Afrika Mashariki yalikuwapo magarimoshi matamu zaidi kuyasikiliza: Garratt za daraja la 59, zilizojengwa Manchester na Beyer Peacock. Mojawapo, 5918 Mount Gelai, imehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli, Nairobi. Garratt hizo zilikuwa na injini mbili zilizopata mvuke kutoka boila moja, kwa hiyo midundo iliachana, ikafukuzana, ikakutana tena. Anayeiga Garratt aweke swichi mbili, moja kwa kila injini.