Kaboni na Polima Chini ya Jua la Arua

Katika jimbo la West Nile, tangu Arua hata Koboko, ambako mipaka ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini yakutana, umeme wa gridi ya taifa ulichelewa mno kufika. Miaka mingi watu walitegemea jenereta iliyochoma mafuta mazito mjini Arua, na baadaye kituo kidogo cha maji cha Nyagak, huko Zombo, kilichozinduliwa mwaka 2012 kikiwa na uwezo wa megawati 3.5, ambazo hazikutosha jimbo zima. Si ajabu, basi, kwamba wenyeji walilitegemea jua, wakafunga sola juu ya mabati ya maduka, zahanati na nyumba. Paneli hizo aghalabu ni za silikoni, maada ngumu yenye kuvunjika, ambayo haiyeyuki ila katika tanuri la joto lipitalo nyuzi 1,400. Nazo, haki isemwe, zafanya kazi njema. Walakini ipo elimu nyingine, changa bado, itafutayo kuunda vifaa vya umeme kwa mchanganyiko unaopakwa kama rangi, nayo yastahili kufahamiwa huku kwetu.

Asili yake ni mambo mawili. La kwanza ni polima, jamii ya plastiki. Mwaka 1977 Hideki Shirakawa, Alan MacDiarmid na Alan Heeger walidhihirisha kwamba polima moja, ikitiwa mvuke wa iodini, uwezo wake wa kupitisha umeme huongezeka mamilioni ya mara, na kwa ugunduzi huo wakatunukiwa Nobel ya kemia mwaka 2000. Zikazaliwa polima zilizo nusukipitishi, yaani zipitishazo umeme kwa masharti kama silikoni, lakini huyeyuka katika kimiminika na kuchapwa juu ya utando mwepesi. Kasoro yao ni kwamba chaji haina njia iliyonyooka ndani yake. Hulazimika kuruka kutoka mnyororo hadi mnyororo, na njiani hukwama.

La pili ni mirija nano ya kaboni, aliyoieleza Sumio Iijima wa Japani mwaka 1991. Mrija mmoja wa ukuta mmoja ni tabaka la atomi za kaboni lililoviringika likawa bomba, upana wake yapata nanomita moja, hali unywele wa binadamu hukaribia nanomita 80,000. Humo chaji hukimbia bila kizuizi kikubwa. Kwa hiyo, ikitiwa mirija michache katika polima, pengine chini ya sehemu moja kwa mia ya uzito, hugusana ikawa mtandao, na chaji iliyokuwa ikihangaika hupata njia. Tena nuru iipigapo polima, nguvu inayozaliwa husafiri yapata nanomita kumi tu kabla ya kupotea. Ikiukuta mrija karibu, elektroni huhamia humo, na umeme ukapatikana. Kwa hoja hiyo Kymakis na Amaratunga wa Cambridge walitengeneza seli ya jua ya mirija na polima mwaka 2002, ijapokuwa umeme wake ulikuwa haba.

Hapa ndipo penye mushkili. Mirija hutengenezwa ikiwa imechanganyika: takriban theluthi moja ina tabia ya metali, na theluthi mbili ni nusukipitishi. Ile ya metali huharibu kazi, kwani transista, yaani swichi ndogo ya umeme, isiyozimika haina faida, na katika seli ya jua hiyo ndiyo humeza chaji zilizokwisha kupatikana. Na dawa, jambo linipendezalo kuliko yote katika habari hii, ilitoka katika polima yenyewe. Mwaka 2007 watafiti wa Oxford walionyesha kwamba polima iitwayo polifluoreni, katika kimiminika cha toluini, hujizungusha mirijani kama mtambaazi unavyouzunguka mti, nayo huchagua: huikamata mirija nusukipitishi na kuiacha ya metali, ambayo hutuama chini chombo kikizungushwa kwa kasi. Mwaka 2011 kundi la Zhenan Bao, Stanford, likafanya vivyo hivyo kwa polima nyingine, politiofeni. Basi polima ni mwenzi wa mrija, na ndiyo pia iupambanuayo.

Sisemi kwamba fundi wa sola wa Koboko aiache silikoni, hasha. Seli za mirija na polima zingali dhaifu, na polima huchakaa kwa oksijeni, unyevu na jua lile lile litakiwalo kuzalisha umeme. Kadhalika mirija mirefu na migumu, ikivutwa pumzini, yahofiwa kudhuru mapafu kwa namna ya asbesto, basi haifai kushikwa ovyo. Matumaini ya karibu zaidi yamo katika transista nyembamba na vihisio vya gesi.

Hata hivyo kazi ya kuchanganya mirija na polima na kuipaka haidai tanuri wala viwanda vikubwa kama silikoni. Hudai kemia safi, mizani sahihi na subira. Vyuo vikuu vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vimo katika MSSEESA, mtandao wa utafiti wa maada na nguvu ya jua. Naye Mkameruni Daniel Egbe, mkemia wa polima aliyefanya kazi Linz, Austria, ni mwanzilishi wa ANSOLE, mtandao wa Afrika wa nguvu ya jua. Arua nayo ina Chuo Kikuu cha Muni, mali ya umma. Nawasihi walimu wake na wakuu wa elimu wa jimbo wawape vijana maabara ya kemia ya polima, na wawaunganishe na wenzao wa mitandao hiyo.