Kompyuta Kongwe Inasubiri Nini?

Sogeeni karibu, wanangu, leo tunaifungua mashine. Hii hapa mezani ni kompyuta mpakato aina ya ThinkPad X200, iliyoanza kuuzwa mwaka 2008, wakati wengi wenu hamjazaliwa. Kioo chake ni cha inchi 12.1. Haina kibao cha kutelezesha kidole. Badala yake, katikati ya herufi G, H na B kuna kidude chekundu, na ukikisukuma mshale unakwenda unakotaka. Mashine za umri huu zilifanya kazi kwenye maofisi ya ughaibuni, kisha nyingi zikavuka bahari zikaja kuuzwa mitumba huku kwetu. Mwili wa hii yetu ungali mzima, vitufe vyote vinabonyezeka. Lakini ukiiwasha, inajikongoja mpaka mtu anakata tamaa na kusema: hii imezeeka, itupwe.

Mimi nasema haijazeeka, inasubiri. Na fundi anayejua mashine inasubiri nini ameshaimaliza nusu ya kazi yake.

Weka sikio lako hapa ubavuni wakati inawaka. Unasikia mvumo, halafu krr, krr, krr? Hiyo ni diski ngumu. Ndani yake kuna sahani nyembamba inayong'aa kama kioo, nayo inazunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kila sekunde. Juu ya sahani kuna mkono wenye kichwa kidogo cha kusomea. Kompyuta ikitaka faili, mkono husogea mpaka kwenye mstari unaohitajika, kisha husubiri sahani izunguke mpaka sehemu yenye faili ipite chini ya kichwa. Kusogea kwa mkono huchukua kama milisekunde 12, na kuisubiri sahani, kwa wastani, kama milisekunde 5 na nusu. Jumla ni karibu milisekunde 17.

Utaniambia, mbona ni muda mfupi? Hebu tupige hesabu. Kwa mwendo huo, diski haiwezi kuleta vipande zaidi ya 60 hivi kwa sekunde vikiwa vimetawanyika huku na huko. Tuseme kompyuta inapowaka inahitaji vipande 6,000. Gawanya kwa 60: sekunde 100 zimekwisha kwa kusubiri tu. Na prosesa ya X200 hii hupiga midundo bilioni 2.26 kwa sekunde, kwa hiyo katika kila milisekunde 17 inapitisha midundo zaidi ya milioni 38 ikiwa imekunja mikono. Ni kama duka la mtaani lenye wateja foleni nzima na muuzaji mmoja anayeingia stoo ya nyuma kwa kila kiberiti na kila kipande cha sabuni. Wateja si wavivu, wala pesa haijapungua. Tatizo ni ile safari ya stoo.

Safari hiyo ina historia ndefu. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa RAMAC, kompyuta ya kwanza kuuzwa ikiwa na diski ya aina hii. Ilikuwa na sahani 50, kila moja ikiwa na upana wa sentimita 61 hivi, na zote kwa pamoja zilihifadhi herufi milioni 5 tu, kiasi cha picha moja au mbili za simu ya leo. Sahani zikaendelea kupungua ukubwa na kuongezeka uwezo, lakini kwa zaidi ya miaka 50 ufundi ulibaki uleule: kitu kinazunguka, mkono unasogea, kompyuta inangoja.

Aliyefungua njia nyingine ni mhandisi Mjapani, Fujio Masuoka, aliyekuwa akifanya kazi Toshiba miaka ya 1980. Yeye na wenzake walibuni memori ya flashi, ileile iliyomo ndani ya simu zenu. Humo hakuna kinachozunguka. Kuna vyumba vidogo mno, mabilioni kwa mabilioni, na kila chumba hunasa elektroni na kuzizuia zisitoke hata umeme ukikatika. Kompyuta hupima kilichonaswa, ikajua ni sifuri au moja. Diski ya SSD imetengenezwa kwa vyumba hivyo. Ikiombwa kipande, hukitoa kwa takribani sehemu moja ya kumi ya milisekunde, kiwe kimehifadhiwa mwanzo au mwisho.

Sasa tuingie kazini. Kwanza kabisa, nakili picha, barua na kazi zote za shule kwenye diski ya nje. Bisibisi inasubiri mpaka hilo liishe.

Pili, kununua. X200 inatumia diski ya inchi 2.5 yenye mdomo wa SATA, na SSD za umbo hilo bado zinatengenezwa. Usije ukauziwa kile kijiti chembamba cha NVMe kinachotumika kwenye kompyuta mpya. Hapa hakuna mahali pa kukichomeka. Na kama mashine yako ni ya zamani zaidi, fungua utazame kabla ya kwenda dukani: ukikuta safu mbili za pini nyembamba, hiyo ni IDE, na itahitaji kipande cha kuunganishia.

Kuna watakaokwambia unapoteza pesa. Watasema SSD ya leo husoma hadi megabaiti 550 kwa sekunde, ilhali njia ya SATA ya X200 haipitishi zaidi ya 300. Hesabu yao ni sahihi. SSD na mashine zikikutana hupatana kwanza, zikafuata kasi ya yule mwenye uwezo mdogo. Lakini kumbukeni tulichokihesabu: kilichokuwa kikitutesa ni ule muda wa kusubiri kila kipande, na huo umeondoka.

Zima mashine, chomoa chaja, igeuze, toa betri. Gusa chuma kisicho na rangi ili umeme tuli uliomo mwilini utoke. Legeza skrubu inayoshika kifuniko cha diski, kitelezeshe, kisha vuta diski polepole. Inatoka ikiwa imevalishwa vipande viwili vya mpira vinavyoikinga na mishtuko. Vihamishie kwenye SSD. Sasa angalieni mdomo wake kwa makini. Ile sehemu fupi ina njia 7 za kupitisha data, na ndefu ina 15 za umeme. Ncha ya kila sehemu imepinda kama herufi L, ili isiingie kinyume. Ukiona inagoma, usitumie nguvu. Itoe, itazame, uanze tena. Ikikaa sawa utahisi imezama yenyewe.

Rudisha kifuniko na betri, washa, na papo hapo bonyeza F1. Ukurasa utakaofunguka ni wa BIOS, programu inayoamka kabla ya nyingine zote. Ingia Config, kisha Serial ATA, uchague AHCI. Chaguo jingine, Compatibility, liliwekwa kwa ajili ya mifumo ya zamani, nalo huilazimisha diski ipokee ombi moja moja. Kwa AHCI inapokea hadi maombi 32 kwa pamoja. Fanyeni hivi kabla ya kuweka mfumo wa uendeshaji, kwa sababu Windows ya zamani iliyowekwa chini ya chaguo moja inaweza kukataa kuwaka ukiibadilishia baadaye.

Kuhusu mfumo wenyewe, Windows 7 iliacha kupewa masasisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020, kwa hiyo si wa kuingia nao kwenye intaneti. Ninapendekeza Linux Mint, toleo jepesi la Xfce. Ni bure, unauandika kwenye flashi, unawashia mashine kutoka hapo. Pia una tabia nzuri ya kuiambia SSD, kila wiki, ni vyumba gani vyenye faili zilizofutwa. Hilo lina maana kubwa: chumba cha flashi hakiandikwi upya mpaka kisafishwe, na kila usafishaji hukichakaza kidogo. SSD inayojua vilivyo wazi huandika haraka na hudumu zaidi.

Nisiwadanganye, wanangu. Prosesa ni ileile, na video nzito bado zitaisumbua. Kama RAM, ile memori ya muda ya kufanyia kazi, ni GB 2, ongeza, maana ikijaa mashine itaanza tena kuchota kwenye diski. Lakini kuwaka, kufungua barua, kuandika insha, kujifunza kuprogramu, yote hayo itayafanya bila kukuudhi.

Basi mkikutana na kompyuta iliyohukumiwa, mwombeni mwenyewe awape dakika chache. Kwenye Windows 10, bonyezeni Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, mtazame safu wima ya Disk na ile ya CPU, yaani prosesa. Disk ikiwa asilimia 100 huku CPU ikielea kwenye asilimia 5 au 10, mmeshajua ugonjwa na dawa yake. Ikiwa CPU ndiyo imejaa, mwambieni ukweli asinunue SSD kwa ajili hiyo, pesa yake itapotea bure. Kipimo kwanza, bisibisi baadaye.