Watibet si Waislamu: Je, Dhulma Wanayofanyiwa Inatuhusu?

Baadhi ya ndugu huuliza: Watibet ni Mabudha, vipi Muislamu aseme kuwa wamedhulumiwa?

Kiitikadi, Ubudha haumtambui Mola Muumba, na hapo hatukubaliani nao. Lakini dhulma ni dhulma, anayefanyiwa awe wa dini yoyote.

Jeshi la China liliingia Tibet mwaka 1950. Mwaka 1959 watu wa Lhasa waliinuka, wakazimwa kwa nguvu, na kiongozi wao, Dalai Lama, akakimbilia India. China inasema Tibet ni ardhi yake tangu zamani. Dalai Lama kwa miaka mingi ameomba mamlaka ya ndani tu, bila ya silaha. Mwaka 1995 alimtambua mtoto wa miaka 6, Gedhun Choekyi Nyima, kuwa Panchen Lama. Siku chache baadaye mtoto huyo alichukuliwa na serikali, na hadi leo hajaonekana hadharani.

Lhasa ina Waislamu wa tangu karne nyingi. Historia yao inasimulia kuwa Dalai Lama wa 5, katika karne ya 17, aliwapa ardhi wakajenga msikiti na kuzika maiti wao. Hakuwa wa dini yao, na haki yao hakuwanyima.

Aya ya 8 ya Suratul Maida inatukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya chuki. Basi tunapowaombea Waislamu wa Uighur, walio chini ya dola hiyo hiyo, tusiione halali dhulma wanayofanyiwa Watibet.

Wallahu a'lam.