Mfereji au Lango? Asidi na Seli za Jicho Zinazopokea Mwanga

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi asidi inavyoathiri seli za jicho zinazopokea mwanga. Swali la kwanza ni la istilahi: tundu la protini linalopitisha ioni katika utando wa seli tuliiteje? Kifaransa tulichosomea hutuelekeza kwenye neno «mfereji». Lakini mfereji huwa wazi daima, ilhali tundu hili hufunguka na kufungika. Kwa hiyo tunapendekeza «lango».

Retina ya binadamu ina seli zenye umbo la kijiti, takriban milioni 120, zitumikazo penye mwanga hafifu, na zenye umbo la pia, takriban milioni 6, zitumikazo mchana na katika kutambua rangi. Gizani, volteji ya seli hizo hukaribia milivolti 40 chini ya sifuri. Hapo malango ya kalisi huwa wazi. Kalisi huingia, na seli hutoa glutamati, yaani ujumbe kwa seli zinazofuata. Mwanga ukiingia, malango mengi hufungika na ujumbe hupungua. Basi seli hizi hunena gizani, hunyamaza mwangani.

Asidi nayo ni wingi wa protoni. Katika kipimo cha pH, alichokibuni Sørensen mwaka 1909, kushuka kwa hatua moja ni protoni kuongezeka mara 10. Protoni zikizidi nje ya seli, hupunguza mkondo wa kalisi. Aidha, huyafanya malango yahitaji badiliko kubwa zaidi la volteji ili yafunguke.

Protoni hizo hutoka wapi? Mwaka 2001 DeVries alionyesha kwamba vifuko vya glutamati vina asidi: vikimwagwa, protoni zake huizuia kidogo seli ile ile iliyovimwaga. Mwaka 2003 Hirasawa na Kaneko walionyesha kwamba seli jirani zilizolala mlalo hubadilisha pH ya mwanya huo mwembamba. Hiyo ni mojawapo ya njia zinazolisaidia jicho kupambanua mpaka kati ya weupe na weusi.

Hapa ndipo uzito wa istilahi unapodhihirika. Mwanafunzi aliyefundishwa «mfereji» atadhani kwamba asidi huziba njia tu, kama takataka. Aliyefundishwa «lango» ataelewa mara moja: lango limekuwa zito kusukumwa.