Uvimbe ukiisha, jicho bado

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia hukata Hifadhi ya Mikumi kwa kilometa 50 hivi. Nimeipita mara nyingi kikazi: malori, mabasi, wanyama wakivuka, na pale Mikumi mjini bodaboda kwenye njia ya kwenda Kilosa. Ajali za huko huwa tunahesabu waliokufa na waliovunjika miguu. Leo tuzungumzie jicho la aliyenusurika.

Jicho limekaa ndani ya kikombe cha mfupa. Ukingo wake ni mgumu, lakini sakafu yake ni nyembamba mno. Mtu akijigonga kwenye usukani, au akiangukia uso kutoka kwenye pikipiki, sakafu hiyo huweza kupasuka na jicho lenyewe likabaki zima. Hapo ndipo tunapodanganyika.

Kila jicho huendeshwa na misuli sita. Msuli wa chini ukinaswa katika ufa, jicho hilo haliwezi kutazama juu pamoja na mwenzake, na mgonjwa huona vitu viwili viwili. Akifumba jicho moja, kitu hurudi kuwa kimoja. Dalili nyingine ni ganzi ya shavu na mdomo wa juu, na jicho kuzama ndani uvimbe unapokwisha.

Kwa mtu mzima, madaktari mara nyingi huweza kusubiri hata wiki mbili kabla ya kuamua upasuaji. Mtoto hasubiri. Mfupa wake hupinda na kurudi kama mtego, ukaubana msuli. Jicho laweza kuonekana jeupe kabisa huku mtoto akitapika, tukadhani ni kichwa tu. Huyo anatakiwa kwa mpasuaji ndani ya siku moja au mbili.

Hatari kubwa zaidi ni damu kujikusanya nyuma ya jicho. Likitokeza, likawa gumu, likauma sana na kuona kukafifia, mshipa wa fahamu wa kuonea unaweza kufa kwa muda wa saa mbili hivi. Huyo asingojee gari la Morogoro wala Muhimbili. Daktari aliye karibu, Kilosa au Mikumi, apunguze kwanza mgandamizo huo, ndipo atoe rufaa.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukiwa na majeruhi wa uso, muulize anaona vidole vingapi, jicho moja moja. Kisha afuate kidole chako juu, chini, kulia na kushoto. Usilibonyeze jicho, na asipenge kamasi, hewa isije ikaingia nyuma yake. Kama kuna kasoro, mwambie daktari bila kuona haya. Uvimbe kupungua si kupona.

Hadi wiki ijayo.