Ngoma Iliyokuwa Mlinzi wa Nchi



Tarehe 1 Julai, siku tunayokumbuka uhuru wa mwaka 1962, nilikwenda na mdogo wangu kutazama wapiga ngoma hapa Bujumbura. Walikuja wamebeba ngoma vichwani, wakapiga hata vifua vyetu vikatetemeka. Mdogo wangu akaniuliza, "Kaka, wanampigia nani?" Nikanyamaza. Mimi mtoto wa Buyenzi, niliyezoea kujibu maswali ya mtihani, swali hilo lilinishinda.

Jioni nikamwuliza babu. Akacheka, akasema, "Mjukuu wangu, zamani ngoma haikupigwa kwa kumfurahisha mgeni." Nimeandika hapa niliyojifunza kwake na vitabuni.

Katika Kirundi neno "ingoma" lina maana mbili: ngoma yenyewe, na pia ufalme. Ngoma kubwa kupita zote iliitwa Karyenda. Watu waliamini kuwa nguvu ya kuilinda nchi imo ndani yake, kwa hiyo ilitunzwa kwa heshima nyingi, hata msichana bikira aliwekwa awe kama mke wake. Si kila mtu aliyeruhusiwa kuchonga wala kupiga ngoma za mfalme. Kazi hiyo ilikuwa ya koo maalum, baba akimrithisha mwana. Ngoma hizo huchongwa katika gogo la mti uitwao umuvugangoma, kisha huwambwa ngozi ya ng'ombe.

Sikukuu kubwa ya mwaka ilikuwa Umuganuro, iliyofanywa karibu na mwezi wa Desemba, wakati wa kupanda mtama. Mwami, yaani mfalme, alionja chakula cha mtama, Karyenda ikatolewa, na ngoma zikalia. Hapo ndipo msimu wa kupanda ulipofunguliwa. Basi sikukuu ile iliunganisha mambo matatu: mvua, mbegu na ufalme.

Kwa nini ilikoma? Wamisionari waliiona kuwa ni upagani, na watawala wa Kibelgiji hawakupenda sherehe iliyompa Mwami nguvu mbele ya watu. Umuganuro wa mwisho ulifanywa mwaka 1929, wakati wa Mwambutsa wa Nne. Hata hivyo kumbukumbu haikufa. Nchi ilipopata uhuru, bendera yake ilikuwa na picha ya ngoma na mche wa mtama. Mwezi wa Novemba 1966 ufalme ulipoondolewa, ngoma ilifutwa, mtama ukabaki peke yake. Mwaka 1967 nao ukatoka, zikawekwa nyota tatu tunazoziona leo.

Anayetaka kuona mabaki ya mambo hayo aende Gishora, karibu na Gitega. Huko ziko ngoma mbili takatifu, Ruciteme na Murimirwa. Jina la kwanza lahusu kufyeka msitu, la pili lahusu kulima. Mwaka 2014 UNESCO iliingiza ngoma zetu katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Wenzangu, sisemi turudie kuiabudu ngoma. Kila mtu ana dini yake. Nasema tu kwamba ni aibu dunia nzima kuisifu ngoma yetu, nasi wenyewe tusijue ililia kwa sababu gani. Wazee wanaojua wanapungua. Likizo ijayo, kila mmoja amwulize babu au bibi yake swali moja, aliandike jibu. Mimi sasa mdogo wangu nimemjibu: walikuwa wakiipigia mbegu iote.